Waya uko sakafuni, solo linalia! Aliyetufanyia hivi Tanga usiku huu mnamjua

Kaseti Iliyokwama (mleta mada)

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, jasho halijakauka, na maneno yamenikaba hapa kooni. Jina sitaji. Mnamjua. Yule wa kofia ya sufu kwenye joto la Tanga la mwezi wa pili. Yule anayejiita baba wa indie, ule muziki wa gitaa wa bendi zisizo chini ya kampuni kubwa, ukanda wa pwani. Yule yule.

Bango lilibandikwa wiki tatu, kuanzia stendi mpaka Raskazone, hakuna nguzo iliyopona: LAIVU ASILIMIA MIA, HAKUNA PLEIBEKI. Yaani hakuna kuwasha rekodi halafu msanii anaigiza. Kiingilio 15,000. Nikatoa. Mpwa wangu ana miaka 7, mama yake kaenda msibani Muheza, nikambeba, nikamlipia nusu, 7,500. Ilikuwa hela ya umeme wa mwezi mzima. Leo nalala gizani kwa ajili ya sanaa.

Mjue kwanza kwamba sisi tunaosikiliza indie Tanga hii tunajuana. Tukipanda Noah moja tunaenea, na kiti kimoja kinabaki cha gitaa. Tumekua kwa flashi za kuazimana: huyu ana Arctic Monkeys, ile albamu ya kwanza ya 2006, yule ana The Strokes, mnakutana Ngamiani barabara ya kumi na mbili mnapeana chini chini kama watu wa magendo. Kwa hiyo bendi ya gitaa ikitangazwa mjini kwetu, laivu, hakuna anayebaki nyumbani. Wagonjwa wamekuja. Mmoja kaja na dripu. (Natania. Lakini alikuwa na kikohozi kibaya.)

Wimbo wa kwanza, sauti safi. Wa pili, safi mno. Nikasema moyoni, fundi mitambo wa leo kasoma.

Wa tatu, solo, gitaa linaachiwa litambe peke yake. Jamaa kafumba macho. Kaukunja uso kama anang'olewa jino. Vidole vinakimbia juu ya shingo ya gitaa, kelele zimetanda, na mimi nywele zimesimama. Waya wa gitaa ukachomoka, pwa, ukalala sakafuni kama mjusi. Solo linaendelea.

Mpwa wangu akaponyoka, akaenda mpaka jukwaani, akauokota. "Anko, waya wako umeanguka."

Sasa wakuu, someni polepole. Mkono wa kulia. Mkono ule ule unaopiga nyuzi. Aliutoa kwenye gitaa, akainama, akaupokea waya, akampapasa mtoto kichwani, akasema "asante baba." Na solo linaendelea! Halikuyumba! Limepanda juu zaidi! Mkono wa kulia uko kichwani kwa mtoto wa dada yangu na gitaa linalia kama limefiwa!

Nikamfuata nyuma ya jukwaa kwa adabu zote, na salamu nikatoa. Akanikagua kuanzia kandambili kupanda juu, akasema: "Kaka, nyie watu wa Tanga mmezoea taarabu. Gitaa la kisasa halitumii waya."

Halitumii waya. Ule ulikuwa wa nini sasa, wa kuanikia nguo?

Kwenye bajaji mtoto ananiuliza, "Mjomba, lile gitaa lilikuwa linapigwa na nani?" Nikamwambia lala. Mkono wa kulia, wakuu. Kichwani kwa mtoto. Nataka 15,000 yangu, na 7,500 ya mtoto naitaka.

Popo wa Amboni

Nimetandika mkeka. Ngoja waje.

Binti Pangani

Uzi hauna picha. Waya tuuone.

Kaseti Iliyokwama

Simu ilizima chaji. Nilikuwa nimerekodi nyimbo mbili za kwanza zote.

Bingwa wa Makorora

Kwa hiyo umerekodi pleibeki kwa simu. Una rekodi ya rekodi. Hongera mkuu, una albamu.

Na nikusemee ukweli: nilikuwa meza ya pili nyuma yako. Wimbo wa pili ulikuwa umefumba macho kuliko yeye. Ulilia. Mtoto wa miaka 7 kagundua kabla yako, mtu mzima una ndevu.

Kaseti Iliyokwama

Sikulia. Ulikuwa moshi wa mishikaki.

Mzee wa Rizimu

Hii chai. Mkono kutoka kwenye gitaa na solo likaendelea? Kuna mapigo ya mkono wa kushoto peke yake, vidole vinagonga nyuzi juu ya shingo bila kukwaruza. Wapiga rock wanafanya kila siku. Labda hujui gitaa.

Fundi Spika

Mzee wa Rizimu, shikamoo, lakini hapana. Nilikuwa upande wa miksa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, nimewaazima spika mbili (na sijalipwa, hilo nitalifungulia uzi wake). Gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi, zimezungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, pale panazaliwa umeme kidogo sana, unapita kwenye jeki (tundu la kuchomekea waya), unafuata waya, unafika kwenye amplifaya, ndipo unapigiwa kelele. Ukichomoa, hata agonge kwa pua, anayesikia ni yeye na mbu aliye begani kwake.

Na ni kweli yapo magitaa yanayorusha sauti hewani. Lakini hayo lazima uchomeke kidude kwenye tundu la jeki. Mimi nililiona lile tundu. Lilikuwa wazi, ungepitisha kidole. Kilichokuwa kimechomekwa ukumbi mzima ni flashi moja nyekundu kwenye miksa, inawaka-waka.

Kaseti Iliyokwama

MMESIKIA. Flashi nyekundu! Na mkono kichwani kwa mtoto!

Indie Damu

Mnapiga kelele bure, historia hamjui. Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, walikwenda Top of the Pops, kipindi cha muziki cha TV kule BBC, mwaka 1991, vyombo vikapigwa kwa rekodi, kilichokuwa laivu ni sauti ya mwimbaji wao Kurt Cobain tu. Mbona hao hamkuwafungulia uzi?

Binti Pangani

Indie Damu, umejichoma mwenyewe. Kurt siku ile alikuwa anawakejeli waliomlazimisha. Kaimba kwa sauti nzito ya makusudi kama anasoma matangazo ya vifo, mkono anaupitisha hewani mbali na nyuzi ili kila mtu aone kwamba hapigi. Wa kwetu kafumba macho. Kakunja uso. Kwenye kudanganya kuna daraja, na yeye yuko daraja la chini kabisa, anajidanganya na yeye mwenyewe.

Mla Machungwa

Halafu Nirvana si indie. Albamu yao Nevermind imetoka DGC, mali ya Geffen, kampuni kubwa. Indie ni albamu yao ya kwanza, Bleach, 1989, kampuni ndogo ya Sub Pop, gharama ya kurekodi dola 606 na senti 17. Wameiandika kwenye jalada. Jamaa yetu hela hiyo kaimalizia kwenye moshi wa jukwaani.

Indie Damu

Basi na The Strokes si indie, maana Marekani walikuwa RCA, kampuni kubwa.

Mla Machungwa

Na Uingereza walikuwa Rough Trade, kampuni huru. Kwa hiyo ukivuka bahari unageuka indie, ukirudi unaacha. Hata mimi nikifika Mombasa ni tajiri.

Popo wa Amboni

Hahaha nimemwaga chai.

Bi Mkubwa Barabara ya Nane

Miye sijui hiyo indai yenu ni mdudu gani, ila hapo kwenye "mmezoea taarabu" nimesimama. Huyo mwenye kofia ya sufu aje aniambie miye. Tanga hii imetoa bendi za dansi, Atomic Jazz, imetoa Jamhuri Jazz. Vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, ni vya hapa, na Shakila kaimba humo. Gitaa la umeme na besi mle kwenye taarabu tulivisikia tukiwa wasichana, tena mpigaji kakaa kitini, kanyoa, shati limepigwa pasi. Akikosea unamsikia akikosea, unamcheka, anacheka. Ndiyo raha ya kwenda! Ningetaka kisichokosea ningebaki kwangu na redio.

Na weye mleta mada, mtoto wa miaka 7 saa hizo ukumbini kufanya nini? Mama yake yuko msibani, mtoto yuko disko.

Kaseti Iliyokwama

Shikamoo Bi Mkubwa. Ilianza saa 12 jioni. Na si disko.

Bi Mkubwa Barabara ya Nane

Marahaba. Muziki ukitoka kwenye flashi ni disko.

Mzee wa Rizimu

Bi Mkubwa kagusa penyewe. Atomic Jazz ndiyo indie ya kwanza Tanga, basi tu hatukuwa na jina hilo.

Mla Machungwa

Mzee wangu, heshima yako, lakini indie maana yake kampuni huru. Rough Trade, Factory ya Manchester, zote zilianza 1978 na watu wachache na deni. Dansi la enzi zile lilikuwa linarekodiwa Redio Tanzania, chombo cha serikali. Huwezi kuwa huru ndani ya jengo la serikali.

Mzee wa Rizimu

Huru ni muziki, si jengo. Walikuwa wanapiga mpaka alfajiri na watu wanarudi na baiskeli kumi kumi barabarani. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako alikuwa anadaiwa kiingilio.

Msanii wa Kaole

Poleni ndugu zetu. Sisi huku Bagamoyo tunawaangalia tu. Njooni kwenye tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, mle ngoma ni za ngozi. Ngoma ya ngozi huwezi kuichomoa waya.

Bingwa wa Makorora

Bagamoyo kaeni kimya. Mwaka jana nimekuja huko kuangalia muziki, nikala mbu. Mguu mmoja niliuacha Mbegani.

Msanii wa Kaole

Na bado unao mwingine wa kupandia jukwaa la watu.

Mama Chipsi Makorora

Naomba niongee la maana sasa. Hakuna aliyeagiza chakula pale? Chipsi kuku 9,000. Nimefunua sahani, chipsi kumi na nne, nimezihesabu. Kuku ni mguu, si paja, mguu, ule wa kutembelea, na kucha zake. Mimi nauza chipsi mwaka wa tisa sasa, sijawahi kumpa mteja kitu ambacho bado kinaweza kukwaruza.

Popo wa Amboni

Kwa hiyo kuku alikuwa ndiye pekee pale mwenye kukwaruza kitu laivu.

Kaseti Iliyokwama

Wakuu turudi kwenye mada. Mkono wa kulia...

Binti Pangani

Mkuu tumeuona mkono. Pumzika.

Mimi langu ni bajaji. Kutoka pale mpaka Chumbageni, pua na mdomo, jamaa ananiambia 5,000 eti "usiku wa shoo." Nimemwambia shoo yenyewe ilikuwa flashi. Akaniambia basi 4,000.

Fundi Spika

Dada umepata afueni. Mimi nilibeba spika zangu kwa toroli kwenda na kurudi. Promota nimempigia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili kapokea mtu mwingine, ananiambia huyu bwana yuko laivu redioni anahojiwa. Nikafungua redio. Mahojiano yenyewe yalirekodiwa juzi.

Indie Damu

Mtu mmoja anawatoa mapovu hivi na bado hamjamtaja jina. Akitangaza tena mtajaa. Tena mtakaa mbele.

Bingwa wa Makorora

Mimi nimeshalipia ya mwezi ujao. Kasema atakuja na violini.

Kaseti Iliyokwama

Kasema hivyo? Violini tatu au moja?

Bi Mkubwa Barabara ya Nane

Astaghfirullah.

Mzee wa Rizimu

Tanga tumekwisha. Mji huu ulikuwa na bendi, una bandari inayopiga honi mpaka Chuda wanaamka, Coastal Union bingwa wa nchi 1988. Leo tunagombania mguu wa kuku.

Mla Machungwa

Mzee usiingize Coastal, hapo watani wao African Sports watafufuka na uzi utafika kurasa arobaini.

Mwanakinyozi

Nimesikia mmetaja African Sports?

Mla Machungwa

Nilisema.

Mama Chipsi Makorora

Hakuna aliyenijibu la kuku. 9,000!

Popo wa Amboni

Mama, alikuwa wa kienyeji au wa kisasa?

Mama Chipsi Makorora

Wa kisasa.

Popo wa Amboni

Basi ndiyo maana hakuwa na waya.

Mwanakinyozi

Samahani wakuu, nje ya mada. Kuna mwenye kuuza baiskeli ya kike, iliyotumika, maeneo ya Chumbageni au Mikanjuni? Ya mke wangu kaibiwa leo pale pale nje ya ukumbi, wakati watu wanashangilia lile solo.

Fundi Spika

Ninayo. Breki ya nyuma tu ndiyo ya kurekebisha. Njoo inboksi, ila hela taslimu.