Kusomba watoto wa stesheni usiku mmoja na kuita "wamerudishwa makwao": Tabora tunadanganyana mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, tafadhali msiuunganishe uzi huu na zile za usafi wa mji. Kosa linaanzia hapohapo, watu kuhesabiwa kama taka.

Mtindo wenyewe mnaujua. Ugeni mkubwa ukikaribia, halmashauri za miji hii ya reli ya kati hutoa gari, mafuta na posho za mgambo, na usiku mmoja wanasombwa wote wanaolala kuta za stesheni, stendi na mabaraza ya maduka. Kesho yake tunatangaziwa mji umesafishwa. Wiki mbili hazipiti, sura ni zilezile.

Zitaacha vipi kuwa zilezile? Tabora ni njia panda ya reli. Ya Dar, ya Mwanza na ya Kigoma zote zinakutana hapa, na ya Mpanda inachepukia Kaliua. Mtoto uliyempandisha treni anajua treni hiyohiyo inarudi. Hujamrudisha nyumbani, umemzungusha tu.

Na kazi sahihi si siri. Kwanza, acheni kuhesabu mchana. Saa nane mchana pale sokoni utawaorodhesha wabeba mizigo, wauza mifuko na waokota chupa ambao jioni wanarudi kwa mama zao Isevya au Ng'ambo. Asiye na pa kulala anaonekana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Makundi haya mawili tiba yake si moja, lakini gari la mgambo linayabeba pamoja.

Pili, faili. Kila mtoto na lake: kijiji, kitongoji, mlezi, darasa alilofikia, na kilichomtoa. Hapa ndipo haraka inapoharibu kila kitu, kwa sababu jina la kwanza atakalokupa mara nyingi si lake. Anaficha, anajua ukweli utamrudisha kwenye kipigo alichokikimbia. Afisa ustawi anahitaji kukaa naye mara mbili tatu, bila mgambo pembeni, ndipo ampigie mtendaji wa kijiji na kuthibitisha kwamba huyo mlezi yupo na anampokea. Ukiruka hatua hii unampeleka mtoto kwenye kijiji alichokitunga.

Halafu kalenda. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku ya mvuke. Ukimrudisha mtoto Februari au Machi, majani yanachumwa na mabani ya kuyakaushia yanawaka moto usiku kucha, hutamkuta darasani. Utamkuta anachochea kuni. Kama kazi hiyo ndiyo iliyomkimbiza, unategemea akae?

Sasa bajeti, maana kisingizio ni hicho kila mwaka. Kumpeleka mtoto mmoja ni nauli tatu: mbili za kwenda, moja ya afisa kurudi. Kumfuatilia baada ya wiki mbili, mwezi mmoja na miezi mitatu ni safari tatu, nauli sita. Jumla tisa, ongeza sare na madaftari. Zinazolipwa ni zile tatu za mwanzo, tena zikilipwa. Ikionekana nyumbani hakufai, kuna utaratibu wa walezi wa kuaminika, ila lazima waandaliwe kabla ya gari kuwashwa, si saa tisa usiku watoto wakiwa wamejaa uani kituoni.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto kwenye eneo lake. Mtoto asiye na makazi anahesabiwa mwenye kuhitaji ulinzi, siyo mhalifu, na kumchanganya mahabusu na watu wazima ni marufuku.

Watu wazima nao wanabebeshwa uzururaji wa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176. Faini atalipa na nini? TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, inaandikisha kaya, na asiye na nyumba si kaya ya mtaa wowote. Kitambulisho cha taifa kinataka mwenyekiti wa mtaa amtambue. Mlango kila mmoja unauliza unakaa wapi, kwa mtu ambaye shida yake ndiyo hiyo! Wagonjwa wa akili ndiyo kabisa: anachomwa sindano ya mwezi, anatulia, tarehe ya pili hakuna wa kumpeleka, anarudi kuvua nguo barabarani, na sisi tunasema kashindikana.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini kaandika "wachapwe tu watatii". Mkuu, wengi wametoka nyumbani kwa sababu ya fimbo. Unawaongezea dawa iliyowaleta?

Tunachodai ni karatasi moja ibandikwe ubao wa matangazo baada ya kila operesheni: wangapi walichukuliwa, wangapi wana faili, wangapi bado wako nyumbani mwezi wa tatu.