Zawadi ya kuchangamsha ubongo wa mama: jigso au programu ya simu?

BintiSoweto: Habari wadau. Jumamosi natoka Arusha kwenda Moshi kumwona mama. Nataka nimpelekee kitu cha kuchangamsha ubongo. Nimebaki na mawili: jigso, ile picha ya kupanga vipande, ya vipande 1,000, au nimlipie programu ya mafumbo kwenye simu kwa mwaka mzima. Kipi bora?

MzeeSanawari: Mama ana umri gani? Macho je? Bajeti? Tutakushauri vipi gizani?

Kilombero77: Programu achana nazo. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2, maana ilitangaza michezo yake inazuia usahaulifu wa uzeeni bila ushahidi wa kutosha. Ukicheza sana unakuwa hodari wa mchezo ule ule, funguo unaendelea kuzitafuta.

MamaWawili: Jigso nina kisa nayo. Nilimnunulia baba ya mtumba sokoni, meli bandarini, vipande 500. Wiki tatu iko kwenye meza ya chakula, sisi tunakula mkekani. Mwisho likabaki tundu moja pale angani, kipande hakipo. Baba akasogeza makochi, akamulika tochi chini ya kabati, akawahoji wajukuu mmoja mmoja. Usiku wa manane nikamkuta anapapasa zulia. Aliamini yeye ndiye amekiweka mahali akasahau. Mpaka leo inaniuma. Ukinunua, hesabu vipande kwanza.

Kete64: Bao lipo jamani. Mashimo 32, kete 64, unapiga hesabu kichwani huku unamsoma mwenzio, na mnaongea.

MzeeSanawari: Bao si fumbo la picha, ndugu yangu. Halafu kina mama wangapi wa Uchagani wanacheza bao?

Kete64: Shangazi yangu hapa Majengo anawafunga wanaume kila Jumapili.

BintiSoweto: Samahani, nilipitiwa. Ana miaka 71, mwalimu mstaafu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji.

MamaWawili: Sasa vipande 1,000 vya nini, dada? Tafuta ya 100, vipande vikubwa.

Kilombero77: Mwenyewe amesema anataka mafumbo?

BintiSoweto: Hapana. Kila nikipiga simu ananiomba nimpeleke Marangu kwa dada yake.

Kete64: Huyo dada yake anajua bao?