MREJESHO: Simu mpya kumaliza chaji haraka, Makete

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu simu mpya yenye betri ya mAh 5000 (kipimo cha ujazo wa betri) iliyokuwa ikitoka asilimia 100 hadi 60 usiku mmoja bila kuguswa. Betri ni nzima. Kinachokula chaji ni mtandao.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni kile cha hali ya ndege, inayozima mawasiliano yote ya mtandao: chaji ijae, washa hali ya ndege, lala. Asubuhi ilikuwa imeshuka asilimia 2 tu. Ingeshuka vilevile, ningeirudisha dukani waranti ikiwa hai, maana hapo ningeshuku betri au saketi (njia za umeme ndani ya simu).

Kwenye Mipangilio, Betri, Matumizi ya betri, mtandao wa simu ulikuwa juu kuliko hata skrini. Laini ya pili haishiki vizuri huku bondeni, na mawimbi yakiwa hafifu simu huongeza nguvu ya kurusha na kutafuta mnara bila kupumzika. Nimeizima laini hiyo kwenye mipangilio ya SIM, na laini kuu nimeiweka 3G, kwa sababu 4G ilikuwa ikikatika na kurudi. Sasa usiku inashuka asilimia 5.

Kupakia picha nimeruhusu kwenye Wi-Fi pekee.

Kwa wa Njombe na Makete: baridi ya Juni na Julai huongeza ukinzani ndani ya betri, yaani umeme hutoka kwa shida, ndiyo maana simu huzima ikiwa na asilimia 15. Iweke mfuko wa ndani. Msiipashe jikoni tafadhali, joto kali huiua betri moja kwa moja.