Harufu mbaya kwenye jiko la stima: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Migosi
Wenzangu hamjambo. Jioni hii maziwa ya jirani yamefurika kwenye jiko lake la stima na harufu imepita dirishani hadi sebuleni kwangu. Nimekumbuka taabu yangu mwenyewe. Jiko langu nililikuta kwenye nyumba, la koili nne, na ile koili ya nyuma upande wa kushoto nikiiwasha tu, nyumba nzima inanuka. Nimeosha juu nikasugua hadi chuma kikang'aa, harufu iko palepale. Nani hapa amewahi kupambana na hii kitu akaishinda? Kila mtu aseme la kwake, hata kama ni refu.

Baba Hawi, Mamboleo
Mwalimu umegusa donda. Mgeni akiingia anadhani nyumba ndiyo chafu. Niko hapa nasoma.

Nyar Seme
Langu ni refu, mnivumilie. Ilikuwa siku ya wakwe. Mama mkwe na shangazi wa mume wangu walikuwa wanatoka Bondo, wafike saa saba. Asubuhi nilikuwa nimepata samaki wazuri wa ngege pale Dunga, nikakaanga, nikarudisha kwenye mchuzi wa nyanya. Sufuria ni pana kuliko koili. Saa sita u nusu hivi mchuzi ukapanda, ukamwagika pembeni na mafuta yake yote. Moshi! Si moshi wa kawaida, ule wa bluu unaokata koo. Watoto wakatoka nje wakikohoa. Nikafungua kila dirisha, nikapepea na leso, na hapo ndipo nikasikia gari langoni.

Mama mkwe akaingia moja kwa moja jikoni, hata kuketi hakuketi. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yule mama hakunisema hata neno moja. Alizima swichi kubwa ya ukutani, akaniambia, "Mwanangu, leta chakula kwanza tule, hii kitu ipoe." Tulipomaliza kula akanirudisha jikoni. Akashika koili, akainyanyua kidogo upande wa mbele, akaivuta, ikachomoka. Mimi sikujua kwamba zinachomoka. Chini yake kuna kile kisahani cha kukinga matone. Wenzangu, mle ndani kulikuwa na tabaka juu ya tabaka: unga wa ugali uliogeuka mkaa, vichwa vya omena, mende aliyekauka, na kipande cha karatasi ya mkate kilichoyeyuka kikashikamana na mafuta meusi yaliyoganda. Yote hayo yalikuwa yanapikwa upya kila siku nikiwasha jiko.

Tukakiloweka kisahani kwenye maji moto, sabuni na soda ya kuokea, usiku kucha. Koili yenyewe hatukuitia majini, tuliipangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kesho yake, ilipokauka kabisa, tukairudisha tukaiwasha tupu kwa moto wa kadiri, madirisha wazi, hadi moshi ukaisha. Tangu siku hiyo harufu kwisha. Koili hujichoma yenyewe ikawa safi. Kinachonuka ni kilicho chini yake. Mwalimu, umewahi kuinyanyua yako?

Kaka wa Kiamunyi
Kabisa. Chini ya koili ndiko mambo yaliko.

Baba Hawi, Mamboleo
Huyo mama mkwe apewe kuku.

Shiku, Lanet
Mimi sina muda wa kuloweka. Namwaga Jik na siki pamoja kwenye kile kisahani, nafunga mlango wa jikoni, nusu saa baadaye napangusa. Harufu yote inakufa.

Nesi, Kakamega
Shiku dada yangu, tafadhali usirudie tena, na wengine msijaribu. Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inachoma macho, koo na mapafu. Na wewe unafunga mlango! Mtoto mwenye pumu akiingia humo tutaongea mengine. Hata na ndimu ni hivyohivyo, maana ni asidi.

Shiku, Lanet
Nimefanya hivyo muda mrefu na bado niko hai. Watu wa hospitali mnapenda kutisha watu.

Nesi, Kakamega
Sikutishi, nakupenda. Nimepokea mama aliyeletwa akitafuta pumzi kwa ajili ya kuosha choo na mchanganyiko huohuo. Siki peke yake ni sawa. Jik peke yake, dirisha wazi, ni sawa. Pamoja hapana.

Kaka wa Kiamunyi
Nesi ana haki. Shiku, mshukuru tu.

Omwami wa Mumias
Nyinyi mnahangaika na vya dukani. Chukua magadi, yale ya kupikia mboga za kienyeji, paka yakiwa na maji kidogo, acha, sugua. Mafuta yanatoka yote. Kwetu hata musherekha, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu, hufanya kazi hiyo, majivu hayajawahi kushindwa na mafuta.

Nyar Seme
Omwami, magadi kwa kisahani cha chuma ni sawa, lakini kikiwa cha alumini kitakuwa cheusi na kuliwa. Magadi ni makali kuliko soda ya kuokea.

Omwami wa Mumias
Cheusi si uchafu, mama. Tunaongea harufu.

Msomi wa Njoro
Swali kutoka hosteli. Nimenunua jiko jipya la sahani moja, la chuma kizito. Nimewasha mara ya kwanza likatoa moshi, mwenzangu akalizima akasema nimeuziwa bovu. Nirudishe dukani?

Fundi wa Shabab
Usirudishe. Likitoka kiwandani hupakwa mafuta au rangi ya kukinga kutu. Liwashe tupu, bila sufuria, dakika chache kwa moto mkubwa, dirisha wazi, hadi moshi ukome. Baada ya hapo likinuka tena bila kitu kumwagika, hapo ndipo uniambie.

Mama Pendo, Nyalenda
Fundi, neno lako hilo la mwisho limenitoa machozi, ngoja niseme. Kwetu ilianza na harufu ya samaki. Na siku hiyo hatukupika samaki, tulipika sukuma na mayai. Unajua Kisumu, nani atashangaa harufu ya samaki? Watoto wakasema ni wale wanaokaanga kando ya barabara. Tukalala. Kesho yake jioni nikaweka maharagwe kwenye jiko langu la sahani mbili. Yale huchukua muda. Harufu ikaja tena, samaki mbichi aliyechanganyika na kitu kichungu. Nikatoka nje kunusa, nje hakuna. Nikarudi ndani, ipo. Nikaifuata na pua hadi pale nyuma ya kabati ambapo plagi imechomekwa. Uso wa soketi ulikuwa umegeuka kahawia kuzunguka tundu la kulia, na plastiki imevimba. Kabla sijanyoosha mkono ikalia PAA, ulimi wa moto ukatoka ukapanda hadi kwenye kalenda.

Nilibeba Pendo kwa mkono mmoja nikakimbia hadi kwenye mita mlangoni nikashusha swichi kuu. Giza. Moto pekee ndio ulikuwa unaonekana. Jirani mmoja akaja na karai la maji, mwenzake akamzuia kwa nguvu wakakaribia kupigana pale mlangoni. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeleta mchanga wa ujenzi kwenye ndoo akaurusha. Kalenda iliungua, ukuta ukawa mweusi, na mlango mmoja wa kabati ukaenda. Plagi na soketi zilikuwa zimeyeyuka zikawa kitu kimoja, hazikutengana.

Baba Hawi, Mamboleo
Yesu wangu. Pendo yuko sawa?

Kaka wa Kiamunyi
Pole sana mama. Mwenye nyumba alilipa kabati?

Mama Pendo, Nyalenda
Pendo yuko sawa, ashukuriwe Mungu. Mwenye nyumba alisema jiko ni langu kwa hivyo hasara ni yangu.

Shiku, Lanet
Na soketi ni ya nani? Iko kwenye ukuta wake! Huyo alipaswa kulipa yote.

Omwami wa Mumias
Shiku, mimi nina nyumba za kukodisha. Mpangaji akichomeka kila kitu kwenye soketi moja nifanye nini?

Shiku, Lanet
Weka soketi nzuri, Omwami. Ndiyo kazi ya kodi.

Nesi, Kakamega
Fundi, kwa nini samaki?

Fundi wa Shabab
Baadhi ya plastiki za soketi, plagi na maganda ya waya zikipata joto kali hutoa harufu kama ya samaki au mkojo kabla hazijashika moto. Mtu wa kando ya ziwa lazima aichukulie kwa uzito zaidi, maana anayo sababu nyingine ya kuielezea harufu hiyo.

Na watu huniuliza mbona fyuzi haikukatika. Jiko la wati 2000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 8 na kidogo. Fyuzi ya plagi ni ya 13. Kwa fyuzi kila kitu kiko sawa. Tatizo ni mguso uliolegea ndani ya soketi: stima inapita mahali pembamba, panapata joto, joto linalegeza zaidi. Fyuzi huona mkondo uliozidi tu, joto la mahali pamoja hailioni. Kwa hivyo gusa plagi yako baada ya kupika. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, acha kutumia hiyo soketi. Na jiko lisipitie ekstensheni nyembamba zile za kuchajia simu.

Huyo aliyezuia maji alifanya vyema. Kama huna hakika stima imezimwa, maji hapana.

Msomi wa Njoro
Yangu iko kwa ekstensheni. Nimeichomoa saa hii.

Dada wa Eldoret
Niongeze moja kuhusu sufuria zisizoshika chakula. Zikisahaulika tupu motoni, zikapita nyuzi 260 hivi, lile tabaka jeusi huanza kutoa hewa mbaya. Ndege hawaivumilii kabisa. Wenye kuweka boksi la vifaranga jikoni wapate joto, wahamisheni.

Mama wa Section 58
Mimi huchemsha maganda ya ndimu na karafuu. Dakika kumi nyumba inanukia.

Fundi wa Shabab
Baada ya kujua kinachoungua, mama, ni sawa. Kabla ya hapo unaficha dalili.

Mwalimu wa Migosi
Nimerudi, mmenisahau lakini nimefaidika. Nimezima kila kitu, nimeinyanyua koili ya kushoto kama alivyosema Nyar Seme. Kisahani ni safi kuliko nilivyodhani. Lakini miguu miwili ya koili, pale inapochomekwa, mmoja ni mweusi na una vishimo, na kile kitako kinachoupokea kimepasuka. Koili yenyewe ilikuwa inacheza.

Fundi wa Shabab
Mwalimu, hiyo si ya kuosha. Usiwashe hiyo sahani tena. Badilisha koili pamoja na kitako chake. Ukiweka koili mpya kwenye kitako kilichoungua, itaharibika vilevile. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, kazi ni fupi.

Mwalimu wa Migosi
Asante sana. Hapa Kisumu napata wapi?

Nyar Seme
Anza soko la Kibuye, ukikosa pita maduka ya stima ya Oginga Odinga Street. Beba ile ya zamani mkononi, wasikuuzie ya kipimo kingine.

Fundi wa Shabab
Na soma wati zilizoandikwa kwenye mguu wa koili kabla hujaitoa nyumbani, kama bado zinasomeka.