Mjadala: Leseni ya data kugeuzwa ya simu kwa ada ya mwaka 2001, ni haki?

Ndugu zangu, nawaletea kisa cha India, maana nchi nyingi zinazogawa masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu na intaneti, zitakutana na swali hilihili.

Mwaka 2010 India ilipiga mnada masafa ya MHz 2300 kwa intaneti ya kasi isiyotumia waya. Kampuni ndogo iitwayo Infotel ikashinda kanda zote 22 za leseni nchini humo, kwa jumla ya rupia bilioni 128 na ushee. Mara Reliance Industries, kampuni kubwa ya India, ikanunua asilimia 95 ya hisa zake. Leseni ile ilikuwa ya data, haikuruhusu kupigiana simu. Mwaka 2013 kanuni zikabadilika: lipa rupia bilioni 16.58, uongeze huduma ya sauti. Kiwango hicho kilitokana na bei ya leseni za simu ya mwaka 2001! Waliopinga walifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2016 shauri lao likatupwa.

Mahakama imesema yake. Mimi bado naona kuna walioonewa.

Anayeingia mnadani hupiga hesabu kwa kile anachoruhusiwa kukifanya. Mwaka huohuo wa 2010 yaliuzwa pia masafa ya 3G (mitandao ya simu ya kizazi cha tatu), ambako sauti ilikuwa halali. Ukijumlisha bei za kanda zote, MHz 10 za 3G zilifika rupia bilioni 167, ilhali MHz 20 za data zilikwenda kwa bilioni 128. Sisemi tofauti yote ni ya sauti, kwani masafa ya juu hayafiki mbali na yanadai minara mingi zaidi. Lakini lile katazo lilipunguza bei, na liliwafanya wengine wasijitose kabisa. Wangejua litaondolewa baada ya miaka 3, wangepanda dau. Hasara yao haipimiki, kwa sababu mnada ambao ungeipima haukufanyika.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito: kwenye 4G, kizazi kilichofuata 3G, sauti yenyewe ni data, kwa hiyo kuikataza ni kumnyima mtumiaji bila sababu. Ni kweli pia kwamba Jio, mtandao uliozaliwa na leseni hiyo, ulipoanza mwaka 2016 ulitoa simu za bure na bei za data zikaporomoka. Wananchi walifaidi sana, nami nafurahi. Ila mtumiaji angefaidi vilevile kama ada ingepangwa kwa thamani ya soko la 2013.

Wala sidai ada ziwe kubwa kupindukia. Ujerumani mwaka 2000 ilivuna takriban euro bilioni 50 kwa leseni 6 za 3G. Washindi wawili, Mobilcom na Quam, hawakuwahi kufungua mitandao yao ya 3G. Finland mwaka mmoja kabla yake ilizitoa bure. Serikali ikiamua kutoa bure, sawa, mradi kila mshindani ajue mapema. Kinachoniuma ni sharti kulegezwa baada ya nyundo kugongwa. Masharti ya mnada yaseme tangu siku ya kwanza: leseni hii ikitaka kugeuka, italipiwa kwa kanuni hii.

Anayeona uamuzi wa 2013 ulikuwa wa haki anijibu hili moja: kwa nini bei ya 2001, wakati soko la simu lilikuwa changa, na si bei ya siku ile?