Mama hapati nafuu baada ya stenti, baba amepona. Nifanyeje?

Mwana_wa_Likoni: Assalaam alaikum. Baba alipata mshtuko wa moyo Oktoba, mama akafuatia Machi. Wote walitiwa stenti, kile kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, hospitali moja. Baba leo anavuka feri kwa miguu mpaka Marikiti. Mama akipanda ngazi sita za nyumbani hukaa kitako kwanza. Nataka kumpeleka nje ya nchi. Au stenti yake ilitiwa vibaya? Silali.

Bi_Tausi: Waalaikum salaam mwanangu, pole. Dadangu wa Majengo aliumwa mgongo na taya siku mbili, tukamkanda kwa mafuta ya karafuu tukidhani ni baridi, kumbe ni moyo. Alikuwa na miaka 51. Mpaka leo harufu ya karafuu siiwezi.

Nesi_Mstaafu: Si mamako peke yake. Nchi nyingi, wanawake hufa zaidi ya wanaume baada ya mshtuko wa moyo. Umri ni sababu moja: wao hupatwa wakubwa zaidi, wengine tayari na kisukari na presha. Lakini nyingine ni sisi wahudumu. Kifua cha mwanamume hupimwa moyo upesi, cha mwanamke huambiwa ni gesi. Florida, Marekani, zilipitiwa rekodi za 1991 hadi 2010: wanawake waliotibiwa na madaktari wanaume walikufa zaidi kuliko waliotibiwa na madaktari wanawake. Hilo hunikera mpaka leo. Mamako alichelewa? Dawa anakunywa?

Mwana_wa_Likoni: Kifua kilimbana alfajiri, akanywa tangawizi, tukamfikisha magharibi. Dawa anakunywa.

Nesi_Mstaafu: Kila siku?

Mwana_wa_Likoni: Karibu kila siku.

Nesi_Mstaafu: Karibu ndiyo nini, mwanangu?

Mwana_wa_Likoni: Siku moja anakunywa, siku moja anaruka. Za watu wawili hatuziwezi. Baba ana tuktuk, akianguka yeye tumeanguka sote. Na mama mwenyewe ndiye aliyesema baba atangulie. Saa kumi za usiku yuko kwenye karai la mahamri, hajihesabu mgonjwa. Msinihukumu.

Abu_Swabra: Pepo iko chini ya nyayo za mama, nawe unampimia dawa! Muogope Mungu.

Baharia_Tudor: Mie baada ya yangu niliandikiwa mazoezi, nikawa natembea Mama Ngina kila jioni, mke wangu akinibebea maji. Sasa ndiyo najiuliza, angeugua yeye, nani angembebea?

Kisauni_Damu: Subirini. Pesa za nje ya nchi anazo, za vidonge hana? Mume na mke ndani ya miezi mitano? Hii imetungwa. Sasa hivi mtaona namba ya simu ya mchango.

Bi_Tausi: Na mie nimeshalia hapa, jamani. Mwanangu, ni kweli?

Mwana_wa_Likoni: Shilingi sijaomba na sitaomba. Za safari ameahidi shangazi aliye Maskati. Pakiti ya mama ninayo mkononi: nyuma ameandika kwa kalamu ya buluu J'nne, Alh, J'mosi. Vingine amevikata nusu kwa kisu cha mahamri, unga bado umeganda kwenye karatasi.

Nesi_Mstaafu: Nakuamini. Sikiliza. Stenti ni chuma kigeni ndani ya mshipa, na miezi ya mwanzo damu huganda pale kwa urahisi. Ndiyo maana aspirini na klopidogreli huandikwa pamoja, mara nyingi mwaka mzima. Akiruka, mshipa unaweza kuziba ghafla. Kesho mpeleke kliniki na useme ukweli wote, hata ngazi sita, hata karai. Omba waandike za bei nafuu, dawa ni ileile. Pesa ya Maskati ianze na vidonge. Vimebaki vingapi?

Mwana_wa_Likoni: Nimehesabu. Vinane na nusu. Nimemwamsha ameze cha leo, ameniuliza kwanza za baba zimebaki ngapi.