Tangi kwa Kifaransa ni citerne au réservoir?

Jamani wa Kifaransa, tangi naliitaje? Dikshenari imenipa réservoir, citerne na cuve, nimebaki nashangaa tu, nataka kumwandikia fundi huku Lyon.

— Inategemea mkuu. La mafuta kwenye gari ni réservoir, kubwa la maji ya mvua au linalobebwa na lori ni citerne ndo maana lori lenyewe wanaliita camion-citerne. Cuve ni la kuchachulia divai, au la mafuta ya kupashia nyumba joto.

— Dumu ni bidon, pipa la chuma fût. La majimoto bafuni ni ballon, usicheke, ndo hilohilo neno la mpira.

— Ila ukitafsiri "tank" ya Kiingereza usiandike char, hicho ni kifaru cha jeshi 😂

— Haha kumbe langu ni ballon, linavuja tangu juzi. Asanteni.